Maji Huchukua Rangi ya Anga

Masomo yetu ya leo ni 2 Wakorintho 3:18, Isaya 57:20 na Matendo 7:54-60.

Kuna vijana wetu wanaopenda kuchora Ziwa Kivu kwa pasteli. Hivyo ni vijiti vya rangi kavu, vinafanana na chaki ya shule: unga wa rangi ulioshikanishwa kwa gundi kidogo. Havihitaji brashi wala maji. Unapaka kwenye karatasi, kisha unasugua polepole kwa kidole.

Anayeanza kujifunza hukamata kijiti cha buluu na kujaza ziwa lote, kwa sababu amezoea kusikia kwamba maji ni ya buluu. Akimaliza, anga ni zuri na ziwa ni zuri, lakini havijuani. Mwenye ujuzi huanza na anga. Huweka rangi nzito juu, akiipunguza anapokaribia milima. Ndipo hushuka kwenye maji na vijiti vilevile vya anga, akitia giza kidogo. Kama alfajiri ni ya waridi, ziwa nalo ni la waridi. Kama wingu la mvua limefunika Idjwi, ziwa ni la kijivu. Teka maji hayo katika glasi, utaona hayana rangi ya kujivunia. Yale tuliyoyasifu yametoka juu.

Hivyo ndivyo Paulo anavyowafundisha Wakorintho: tunaoutazama utukufu wa Bwana tunabadilishwa tufanane naye, na kazi hiyo ni ya Roho. Hatujipaki utakatifu kwa mikono yetu. Musa aliposhuka mlimani uso wake uling'aa, naye hakujua.

Lakini Isaya anatuonya juu ya maji yaliyochafuka, yanayotupa tope. Sisi wa milimani tunayajua. Mvua kubwa ikinyesha, udongo wa mashamba yetu hushuka mitoni, na maji hayo hayaonyeshi anga tena. Je, anga limeondoka? Hapana, liko palepale. Maji ndiyo yametibuliwa.

Wapendwa, vita imetutibua. Wengi wetu tumezika watu wetu, wengine wamekimbia na kuacha mashamba. Halafu telefone inaleta ujumbe: kabila fulani ndilo adui, jirani yako ni mmoja wao, lipiza. Tunausoma usiku, tunautuma kwa wengine, na asubuhi tunainua mikono kanisani. Jirani yule akitutazama usoni, ataona mbingu au ataona tope?

Mtazameni Stefano. Watu walimsagia meno, naye akiwa amejaa Roho Mtakatifu aliinua macho akamwona Yesu. Mawe yalipompiga, aliwaombea waliomwua. Msamaha ule ulitoka kwake Yeye aliyekuwa akimtazama, aliyewaombea wauaji wake msalabani. Wala Biblia haifichi kilio: Matendo 8:2 inasema watu wacha Mungu walimzika Stefano na kumlilia sana. Kwa hiyo, mama uliyefiwa, lia. Machozi si tope. Kudai haki mbele ya wakubwa nako si dhambi. Tope ni chuki tunayoikoroga kila siku ili isitulie.

Juma hili tufanye mambo mawili. Asubuhi, kabla ya kufungua telefone, tufungue Neno na kumtazama Bwana kwanza, kama mchoraji anavyoanza na anga. Na ujumbe wa chuki ukifika, uishie mikononi mwetu. Badala ya kuutuma, tumtaje jirani yule kwa jina lake katika maombi.

Baba, tuliza mioyo yetu iliyotibuliwa. Watu wa Nyangezi wakitutazama, wamwone Mwanao. Katika jina la Yesu, amina.