Rangi ya Gari Iliyopauka, na Namna ya Kuitengeneza

Mtu apitaye asubuhi katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kuanzia Shauri Moyo na Kaloleni mpaka Jericho, Buruburu, Umoja na Kariobangi, huona pikapu nyingi zilizokwisha kula miaka mingi barabarani. Nyingine zimepakiwa mbao za Gikomba, nyingine magunia ya viazi, nyingine vyombo vya mtu anayehama nyumba. Injini zake zingali na nguvu, lakini rangi imepauka: nyekundu imegeuka kama ya waridi, buluu imekuwa kama majivu, na nyeupe humwachia unga mtu aiegemeaye. Pikapu ni gari la kazi katika nchi hii tangu zamani. Katika miaka ya 1970, pikapu za Peugeot 404 ndizo zilizochukua abiria wengi wa matatu, na tangu mwaka 1977 magari ya Isuzu yameunganishwa hapa hapa Nairobi.

Kwa mwenye gari la namna hiyo, rangi si pambo tu. Ni ngozi izuiayo maji yasifike kwenye bati. Ngozi hiyo ni nyembamba mno: gari litokapo kiwandani, tabaka zote za rangi kwa pamoja ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ngozi ikifa, bati hufuata. Na bati likifa, riziki ya nyumba nzima hulala uani. Kwa hiyo shauri la hotuba hii ni moja. Gari lililopauka litazamwe kwanza kama mganga amtazamavyo mgonjwa, kabla dawa haijanunuliwa. Maana kuna rangi iliyolala, kuna rangi iliyokufa, na kuna kutu iliyofichwa, na kila moja ina matibabu yake.

Kwanza yafaa kujua sababu ya ugonjwa. Nairobi iko karibu na Ikweta, tena iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi. Mahali pa juu namna hii hewa ni nyepesi, na ile miali ya jua isiyoonekana kwa macho hufika kwa ukali zaidi kuliko pwani. Miali hiyo huvunja gundi ishikayo chembe za rangi. Gundi ikivunjika, chembe hubaki juu kama vumbi la chokaa. Ndiyo sababu boneti na paa hupauka mapema kuliko milango, kwa kuwa hivyo ndivyo vielekeavyo juu saa sita za mchana.

Pili, si rangi zote zilizo za namna moja. Zamani magari yalipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kazi ilichukua wiki nyingi. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilitoa rangi iitwayo Duco, iliyoweza kupulizwa kwa hewa na kukauka upesi, hata gari likamalizwa kwa siku chache. Rangi ya jamaa hiyo ndiyo mafundi wa Nairobi waiitayo NC. Baadaye zikaja rangi zinazochanganywa na dawa ya kukazia, nazo huitwa 2K. Hizi hudumu zaidi juani, lakini zina hatari itakayoelezwa mbele. Magari mengi ya siku za karibuni yana rangi chini na vanishi ing'aayo juu yake; pikapu nyingi za zamani zina rangi peke yake.

Sasa, mwenye gari atajuaje kama rangi yake imelala au imekufa? Kipimo cha kwanza hakina gharama. Gari lioshwe kwa maji na sabuni, kisha litazamwe likiwa bado limelowa. Ikiwa maji yameirudishia rangi wekundu wake au ubuluu wake wa kwanza, huenda chini ya ule unga rangi ingali hai. Kipimo cha pili ni kutwaa kitambaa laini na dawa kidogo ya kusugulia, na kusugua mahali padogo kama kiganja cha mkono. Kwa gari la rangi kitambaa kiwe cheupe, na kwa gari jeupe kiwe cheusi. Kitambaa kikitwaa rangi ya gari, na pale mahali pakang'aa, gari hilo halihitaji kupakwa upya. Lakini ngozi ya juu ikibanduka kama maganda ya kitunguu, hiyo ni vanishi iliyokufa, wala hakuna kusugua kutakakoirudisha. Hapana budi iondolewe.

Rangi iliyolala huamshwa kwa kazi ya siku moja au mbili. Gari liwekwe kivulini mpaka bati lipoe. Lisuguliwe kipande kwa kipande, bila kukaza mkono penye pembe na mikunjo, kwa kuwa hapo rangi ni nyembamba zaidi na huisha upesi. Unga ukiwa mzito, msasa wa maji wa namba 2000 utangulie, kwa mkono mwepesi. Mwisho lipakwe nta, na nta irudiwe kila baada ya miezi michache. Watu wengi hulipa gharama ya kupaka gari zima hali walihitaji kopo moja la dawa na jasho la Jumamosi.

Kutu ni adui wa namna nyingine. Dalili yake ya kwanza ni malengelenge madogo chini ya rangi, hasa chini ya milango, juu ya magurudumu, na penye maungo ya sanduku la mizigo ambapo maji na udongo hukaa. Anayenunua gari la zamani na achukue sumaku ndogo. Mahali ambapo sumaku haishiki, ajue kwamba chini ya rangi pana fila nyingi, na bati huenda limekwisha kuliwa. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walisema kweli, lakini ufa wa bati hauzibwi kwa fila juu ya kutu. Fila hunywa maji kama sifongo; kutu huendelea kula gizani; na msimu wa mvua ukiisha, kidonda hujitokeza kikubwa kuliko mwanzo. Bati lililotoboka hukatwa na kuchomelewa jingine. Bati lenye kutu ya juu juu hukwanguliwa kwa msasa wa namba 80 mpaka ling'ae, hupakwa dawa ya kuua kutu, na hupakwa praima siku ile ile, kabla umande wa usiku haujalifikia.

Baada ya hayo kazi huenda kwa daraja. Fila hupakwa nyembamba na kulainishwa kwa namba 180, kisha 320. Praima hupulizwa, ikikauka husuguliwa kwa maji kwa namba 600 au 800, na hapo ndipo rangi huja, tabaka nyembamba kadhaa zenye kupumzishwa katikati. Fundi apulizaye tabaka moja nene ili amalize upesi huona rangi ikitiririka kama machozi. Yafaa pia kuonya juu ya desturi moja iliyoenea mjini: gari kuendeshwa miezi mingi na praima ya kijivu pasipo rangi, kwa kuwa fedha zimekwisha. Praima ya kawaida hupitisha maji. Ni heri mwenye gari asubiri mpaka apate fedha za kumaliza, au atengeneze mlango mmoja mpaka mwisho, kuliko kuacha gari zima uchi katika mvua za masika.

Majira nayo yaangaliwe. Januari na Februari ni miezi mizuri. Katika mvua za masika na za vuli, na asubuhi za Julai zenye ukungu, unyevu huingia katika rangi ya NC inapokauka, ikatoka na weupe kama moshi. Uwanja unyunyiziwe maji mapema ili vumbi litulie, na kazi ifanywe hewa ikiwa kavu.

Mabibi na Mabwana, lipo jambo kubwa kuliko uzuri wa gari, nalo ni kifua cha fundi. Ile dawa ya kukazia iliyo katika rangi za 2K ina kemikali ziitwazo isosayaneti. Mvuke wake huweza kumletea mtu pumu ya maisha, na huweza kumdhuru hata kabla pua haijanusa kitu. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuichukia, hata kiasi kidogo humbana pumzi. Leso iliyofungwa puani haizuii mvuke huo, wala kinyago cha kitambaa. Kinga bora ni kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka mahali pengine, pamoja na glavu na miwani. Wapo wanaosema kwamba bilauri ya maziwa jioni husafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, wala hayafiki mapafuni. Fundi asiye na kinga hiyo ni heri atumie NC, naye afanye kazi mahali penye upepo, akivaa kinyago chenye chujio la mvuke.

Tena, rangi za zamani, hasa za manjano na nyekundu, huenda zina madini ya risasi. Vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Basi zisikwanguliwe zikiwa kavu katika ua wanamochezea watoto; zisuguliwe kwa maji, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za nyumbani. Na thina isikaribishwe moto: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini mpaka kwenye jiko la jirani au cheche za mchomeleaji.

Mwaka 1972, Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa taarifa juu ya Kenya iliyoonyesha kwamba mafundi wadogo wa namna hii ni nguvu ya nchi, si watu wa kufukuzwa. Leo fundi aweza kupimwa ujuzi wake na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, akapewa cheti cha daraja lake. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake vifaa vya kujikinga.

Lakini sheria peke yake haitoshi, kwa maana bei ndiyo ifanyayo kazi kuwa njema au mbaya. Mwenye gari akimbana fundi mpaka senti ya mwisho, mahali pa kupunguzia ni pawili tu: chini ya rangi, ambapo kutu hufunikwa, na katika mapafu ya kijana ashikaye bunduki ya rangi. Basi wapatane mapema na waandike karatasini: ni sehemu zipi zitakatwa, ni rangi ya namna gani, ni siku ngapi. Mwenye gari na aje alione bati likiwa uchi kabla ya kupakwa praima; fundi mwema hataona aibu kulionyesha. Na akitaka kubadili rangi ya gari, apeleke habari kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, kwa kuwa rangi imeandikwa katika kitabu cha gari, na gari lisilofanana na kitabu chake humletea mwenyewe taabu barabarani.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Pikapu iliyotengenezwa kwa utaratibu itabeba viazi na mbao miaka mingine mingi, na fundi aliyeitengeneza atakuwa na pumzi ya kutengeneza nyingine.