Mizani na Stakabadhi



Twataka kusema machache juu ya biashara ya ufuta hapa Kinjumbi na katika wilaya yetu ya Kilwa. Ufuta ndio unaolipa ada za shule na kununua mabati ya nyumba, nasi makarani twaujua kwa kalamu zaidi kuliko kwa jembe.

Watu wa nchi hii hawakuanza jana kuyashuku mazao ya biashara. Mwaka 1905, katika vilima vya Matumbi, wazee waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanzia huko. Jasho lilikuwa lao, hesabu ilikuwa ya wengine. Baada ya uhuru wa 1961 vyama vya ushirika vilitazamiwa kuiondoa dhuluma hiyo. Walakini Serikali yenyewe ilivivunja mwaka 1976, ikavirudisha kwa sheria ya 1982. Mkulima aliyeyaona hayo si ajabu akisitasita aambiwapo apeleke magunia ghalani akangoje.

Na huko kungoja ndiko kwenye shida. Kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, mazao hupimwa, mwenyewe hupewa stakabadhi, kisha wanunuzi hushindana mnadani. Bei hutangazwa mbele ya watu, nalo ni jambo jema sana. Lakini fedha huja baadaye. Mwenye mgonjwa nyumbani humwendea mnunuzi wa kangomba usiku, akauza kwa kipimo cha bakuli, pengine ufuta ungali shambani. Ni rahisi kumlaumu, kwa mtu apokeaye mshahara kila mwezi.

(Tungeweza pia kuuliza kwa nini ufuta mwingi wa nchi hii wapelekwa China ungali mbegu, nasi twanunua mafuta ya kupikia kutoka ng'ambo. Hayo yataka siku yake.)

Kwa hiyo twaleta maombi mawili. Kwanza, Chama kitenge mfuko mdogo wa kumkopesha mkulima mwenye stakabadhi, bila riba, hata malipo ya mnada yafike. Pili, siku za kupima, wawili katika sisi wakae karibu na mizani, wamsomee kila mtu uzito ulioandikwa na makato yote, kabla hajatia dole gumba. Twaomba majina ya hao wawili yaandikwe leo, kabla mkutano haujafungwa.