Hati Kabla ya Njia



Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu na kuteremka kilomita 117 hivi hadi Ziwa Tanganyika. Pale unapoanzia, upande mmoja ni Cyangugu, katika Wilaya ya Rusizi, na ng'ambo yake ni Bukavu. Daraja lenyewe ni fupi, lakini alivukaye hutoka katika sheria za dola moja na kuingia katika sheria za dola nyingine. Kwa hiyo msafiri hana budi kushika hati kabla ya kushika njia.

Hati hizo si za namna moja. Tarehe 20 Septemba 1976, mjini Gisenyi, Rwanda, Burundi na Zaire ziliunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, na hati ya kusafiria ya jumuiya hiyo ikawarahisishia raia wao kutembeleana. Mwaka 2014, raia wa Rwanda, Uganda na Kenya walianza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Mwaka 2019 Rwanda ikaanza kutoa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, kitambulisho kimpitishacho mtu Gatuna hakimfikishi Brussels. Huko hutakiwa pasipoti na viza, na nchi nyingi hudai pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Mambo hayo hayamaliziki asubuhi ya safari.

Mwenye kuchelewa hujikuta njia panda: arudi nyumbani, atie noti mkononi mwa mlinzi, au atafute mtumbwi usiku. Katika giza la ziwa, askari hawezi kumtofautisha mama anayekwenda kumwuguza nduguye na mhalifu anayevusha silaha. Na mlinzi apokeaye noti ya yule mama amekwisha kumfungulia mlango yule mhalifu.

Lakini hati hutegemea pia mkono unaoipokea. Katika miaka ya 1930, utawala wa Ubelgiji uliandika kabila katika vitambulisho vya Wanyarwanda. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, vitambulisho hivyo vilidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani, na neno moja lililoandikwa humo likatosha kumwua mtu. Baada ya maafa hayo kabila liliondolewa katika vitambulisho.

Wenye silaha na sare wasilisahau funzo hilo. Kazi ya mlinzi wa mpaka ni kukagua picha, muhuri na tarehe. Si kukagua pua ya mtu wala lafudhi yake. Asiye na hati halali arudishwe kwa sheria, bila matusi na bila kipigo. Mwenye nayo apite bila kudaiwa hata senti isiyo na stakabadhi.

Raia aombe hati mapema. Askari aisome kwa haki. Hapo ndipo daraja huwa salama kwa wote wawili.