Njia Nyingine ya Kufika Chuo Kikuu

Msikilizaji, matokeo ya kidato cha sita yametoka na karatasi inasomeka D moja, E moja na S. Nyumbani kimya. Hiyo ni alama 3 tu, na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inataka masomo mawili ya principal yenye jumla ya alama 4.

Wengi hukimbilia kurudia mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea. Si vibaya, ila kwa maoni yetu stashahada ina faida zaidi: unatoka na ujuzi wa kazi mkononi. Ukiwa na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, ukamaliza stashahada kwa GPA ya 3.0, unaruhusiwa kuomba shahada. Vyuo vyenye ushindani, hasa kozi za udaktari, huweka kiwango juu zaidi, kwa hiyo usilenge 3.0 kamili. Chuo Kikuu Huria nacho kina kozi ya msingi, ambayo pia ni njia ya kuingia shahada.

Kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo cha stashahada kimesajiliwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Bila namba ya baraza hilo ya kuhakiki stashahada yako, AVN, ombi lako la shahada halitapita.