Idi Inahama, Karafuu Haihami

(Maneno ya katibu wa kikundi siku ya kutimiza miaka kumi)



Kwanza kabisa tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuwezesha kuifikia siku ya leo. Tulianza mwaka 2015, na leo ni 2025. Wako tulioanza nao ambao wametangulia mbele ya haki. Mungu awarehemu.

Nimepewa nafasi niseme juu ya faida za kikundi. Faida nyingi mmeshazisikia, na mabati mapya mmeyaona kwa macho yenu. Mimi nataka kusema jambo moja tu, nalo ni wakati. Fedha ile ile ikija leo ni dawa, ikija baada ya mwezi ni tanzia. Na nalisema hili leo kwa sababu mbele yetu kuna shauri ambalo halijakatwa: lini tuwe tunavunja kisanduku na kugawana.

Utaratibu wetu mnaujua, lakini wageni wetu pengine hawaujui. Hisa moja ni shilingi 1,000, na mtu hununua kuanzia moja mpaka tano kwa kikao. Kisanduku kina kufuli tatu na funguo tatu, na kila ufunguo unalala nyumba yake. Mkopo ni mara tatu ya akiba ya mtu, na tangu mwanzo tulikubaliana usiwe na riba. Pembeni upo mfuko wa jamii kwa ajili ya maradhi na misiba. Utaratibu wa namna hii haukuanza kwetu. Ulianza kwa wanawake wa vijijini nchini Niger mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE, ukazunguka Afrika mpaka ukatufikia. Wanawake wale wanalima mtama jangwani, siye tuna mikarafuu, lakini shida ni ile ile: fedha ya mkulima huja mara moja kwa mwaka, na shida zake huja kila siku.

Sasa niwape mfano wa nyumbani kwetu. Kaka yangu ameniruhusu, na yuko pale nyuma anacheka.

Marehemu baba alituachia mikarafuu ishirini na nne. Tuliigawa kisheria. Mama, kwa kuwa mjane, alipata thumuni yake, yaani mitatu. Ikabaki ishirini na mmoja, kaka akapata kumi na minne na mimi saba. Tumeigawa kwa hesabu, lakini shamba tunalishika pamoja. Tunapalilia pamoja na tunachuma pamoja.

Mwezi wa Julai mwaka 2017 mama alikuwa amelazwa Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, amefanyiwa upasuaji. Tukaambiwa tukamchukue. Mimi na kaka tukatoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, tukapanda gari ya Konde kwenda Chake. Nilikuwa na chupa ya uji na khanga mbili za mama, kaka ana mfuko wa machungwa. Wengi wenu mnaijua safari hii. Pemba yetu kutoka ncha mpaka ncha haifiki kilomita 70, lakini ukiwa na mgonjwa mwisho wa njia unaona kama unakwenda Bara kwa miguu.

Karafuu zilikuwa zimebeba mwaka ule. Hamjasahau. Kila kilima tulichopita vishada vinaning'inia, baadhi vimeshaanza kuiva wekundu. Abiria wote mazungumzo yao ni hayo tu: nani ana wachumaji, nani hana majamvi, mvua itanyesha au haitanyesha. Kaka peke yake alikuwa kimya. Tulipofika Ole akaniambia:

"Mdogo wangu, kuna mtu anataka kuikodi mikarafuu. Yote. Anatoa laki nne, taslimu, kesho."

Nikamwuliza, "Na ya mama?"

"Yote, nimekwambia. Daktari amenieleza juzi. Mama atatakiwa avuke Unguja akafanyiwe vipimo Mnazi Mmoja, na isizidi wiki mbili. Meli, chakula, mtu wa kukaa naye, dawa. Nimepiga hesabu, haipungui laki tatu na nusu. Wewe unayo?"

Sikumjibu. Ni kweli sikuwa nayo mkononi.

Hebu tusimame hapa kidogo, kwa sababu nataka vijana wafahamu. Anayekodisha mikarafuu yake kabla ya msimu si mvivu wala si mpumbavu. Ni mtu aliyebanwa. Mkodi naye si mwizi. Ana fedha, na wewe una shida. Yeye anaweza kungoja, wewe huwezi. Bei yote ya mkodi imo katika neno hilo moja: kungoja.

Na jambo hili kwetu ni la zamani. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikanusurika, ndiyo tukawa sisi wenye karafuu nyingi zaidi. Lakini kuwa na mikarafuu si kuwa na fedha. Mashamba yalikuwa mengi na madeni yalikuwa mengi vile vile, hata mwaka 1934 serikali ya wakati ule ilitunga sheria ya kuzuia mashamba yasiendelee kwenda kwa wakopeshaji. Kwa hiyo mkulima wa Pemba kudaiwa juu ya mti wake ni hadithi ya babu na bibi zetu. Sheria ilizuia ardhi isihame, lakini shida haizuiwi na sheria. Inataka fedha iliyo karibu.

Turudi njiani. Tulipofika Chake tukashuka, tukaenda kungojea gari ya Mkoani. Tukanywa chai tukiwa tumesimama. Pale ndipo nilipomwambia kaka kwamba ninazo hisa tisini kikundini.

Akasema, "Elfu tisini. Zitatosha nini?"

Nikamwambia, "Elfu tisini ni akiba. Mkopo ni mara tatu. Laki mbili na sabini, na Jumamosi ni keshokutwa."

Ndugu zangu, kaka yangu alikuwa miongoni mwa wanaume waliokuwa wakikiita kikundi hiki "mchezo wa akina mama". Alinyamaza. Tukapanda gari, tukapita vilima vile mpaka Mtambile, bado amenyamaza. Halafu akasema, "Zimebaki elfu themanini." Nikamwambia, "Hizo ni zako." Akasema, "Nina ndama." Mnajua yeye na gari lake la ng'ombe. Ndama yule alikuwa amemlea ili aje kuvuta gari. Akamuuza.

Lakini jambo lililonigusa zaidi si ndama. Kaka alisema, "Mimi nilitaka kumkubalia yule bwana jana usiku. Kilichonizuia ni ile saba yako." Yaani aliona haya kuikodisha mikarafuu ya dada yake bila ya kumwambia. Nawaomba akina baba mlioko hapa mlishike hilo. Fungu la mwanamke hata likiwa dogo ni mali yake, na kumshauri si kumpa hisani. Nyumba nyingi zimeingia ugomvi si kwa kuwa mti ulikodishwa, bali kwa kuwa mwenye mti alisikia habari kwa jirani.

Basi. Mama tulimchukua, tukarudi naye polepole, kichwa chake kwangu na miguu kwa kaka. Jumamosi mkanipa mkopo wangu, na mfuko wa jamii ukatoa elfu ishirini za nauli. Mama akavuka Unguja ndani ya muda aliopewa.

Sasa ikabaki kazi ya kuchuma. Karafuu haingoji mgonjwa. Ikiachwa mtini inafunguka ua, na ikishafunguka haina tena thamani ile. Hatukuwa na fedha ya kuweka wachumaji wengi. Kaka alipanda na wanawe wakubwa, tukachukua wachumaji wawili tu wa kulipwa kwa pishi. Mchana juu ya mti, usiku chini ya taa tunachambua. Watoto wangu walilala juu ya makonyo mikono bado inanuka karafuu. Asubuhi kuanika, na wingu likionekana, mbio kukunja majamvi. Waliokaa mjini wanaona karafuu kavu tu ndani ya gunia. Hawajui kwamba ukianika kilo tatu mbichi unapata kama moja tu kavu, na kwamba ikirowana imeharibika. Bibi mmoja, jirani yetu, alikuwa akija kila usiku na muhogo wake wa nazi, anakaa, anachambua, hasemi kitu mpaka kazi iishe.

Tulipouza kituoni, na tulipokwisha kuwalipa wachumaji, kilichobaki kilikuwa zaidi ya mara mbili ya zile laki nne. Mkopo nikaurudisha kwa wakati. Kaka akanunua ndama mwingine. Fungu la mama tukamwekea mkononi mwake mwenyewe. Alizihesabu mara mbili, halafu akauliza, "Na za yule bibi wa muhogo ziko wapi?" Ikabidi tumtolee.

Sisemi kwamba kila msimu ni kama ule. Mnajua iko miaka mikarafuu haizai kitu. Sisemi hata kwamba mtu asikodishe kabisa. Ninalosema ni kwamba mtu awe na pa kuegemea ili akikodisha awe ameamua, asiwe amelazimika.

Na hapo ndipo lilipo shauri letu. Wako wenzetu wanaopendekeza tuache kugawana mwezi wa Disemba, tugawane kabla ya Idi el-Fitri, ili watoto wavae na nyumba ipikwe. Sababu yao ni njema, na mimi pia napenda watoto wavae. Lakini tuangalie kalenda. Idi inarudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka. Mwaka huu ilikuwa mwisho wa Machi. Mwaka 2017, mwaka ule wa mama, Idi ilikuwa mwisho wa Juni. Lau tungekuwa tunagawana kwa Idi, Julai ile tungekuta kisanduku ndiyo kwanza kimeanza. Hisa zangu zingekuwa tatu, nne. Mara tatu ya elfu nne ni elfu kumi na mbili. Elfu kumi na mbili haimvushi mgonjwa bahari.

Idi inahama, karafuu haihami. Msimu unafunguliwa Julai, na wiki chache kabla ya hapo ndizo wiki ambazo mkodi anapita majumbani. Tukianza kuweka Januari, Julai tunakuwa na miezi sita ya akiba ndani ya kisanduku. Disemba karafuu nyingi zimeshauzwa, mikopo imerudi, na shule zinafunguliwa Januari, watoto wanataka sare na madaftari. Huo ndio wakati wa kuvunja.

Kwa ajili ya Idi, pendekezo langu ni hili: tufungue mfuko mdogo wa pembeni. Kila mwanachama aweke shilingi 500 kwa kikao, usikopeshwe, na ugawiwe Ramadhani itakapokuwa. Ukihama mwezi, nao utahama. Kisanduku kikubwa kisiguswe. Naomba jambo hili lijadiliwe kikao kijacho, na asiyekubaliana nami asimame aseme. Ndivyo tulivyofika miaka kumi, kwa kusemezana.

La mwisho, kwa vijana wetu wa kike ambao mtazishika funguo hizi baada yetu. Mtaambiwa kwamba shilingi 1,000 si kitu. Kweli, peke yake si kitu. Lakini itieni ndani kila Jumamosi, na siku ndugu yako atakapokuja na uso umemshuka, uweze kumwambia, "Ngoja kwanza." Masikini hawezi kusema maneno hayo. Sisi sasa tunaweza, na hayo ndiyo mali tuliyoichuma kwa miaka kumi.

Mwenyezi Mungu atupe umri, atupe mvua kwa wakati na jua wakati wa kuanika, na awashushe salama wote wanaopanda miti msimu huu.