Cheche Iliyozimwa
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Marangu)



Leo tunazungumza habari za gazeti lililoishi mwaka mmoja tu, likafungwa. Jina lake Cheche. Lilitoka Mlimani. Msicheke, siyo mlima wetu huu. Mlimani ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Toleo la kwanza lilitoka Novemba 1969. Wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, wanafunzi wenyewe. Kiwanda cha chapa hawana. Walipiga taipu kwenye stensili, wakarudufu, wakapanga kurasa kwa mikono. Kazi ya jasho, kama kuchambua kahawa. Gazeti lilikuwa la chama cha wanafunzi wanamapinduzi, USARF, pamoja na Vijana wa TANU pale chuoni. Walter Rodney wa Guyana aliandika humo. Na Yoweri Museveni, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa USARF, baadaye alifundisha hapa kwetu Moshi, Chuo cha Ushirika, kabla ya kuwa Rais wa Uganda mwaka 1986.

Sasa, lilisema nini hata likafungwa? Septemba 1970 lilitoa toleo maalum, makala moja ndefu ya Issa Shivji. Azimio la Arusha la 1967 mnalijua: mabenki na viwanda vikataifishwa. Shivji alionyesha kuwa makampuni ya nje yamebaki ndani kwa ubia na mikataba ya uendeshaji, na wakubwa wa ofisini wanageuka tabaka. Kwa maneno yetu ya shambani: ghala ni letu, je, ufunguo anao nani? Mkulima wa kahawa swali hilo analielewa kabla hujalimaliza.

Novemba 1970 serikali ikapiga marufuku gazeti na USARF, vyote viwili. Ikasemwa jina linafanana na Iskra, gazeti la Lenin, kana kwamba Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi. Kweli jina lilitoka huko, na kwenye Spark la Ghana ya Nkrumah. Lakini sisi hatuamini kwamba jina peke yake ndilo lililouma. Mwaka 1971 vijana wakaanza jingine, MajiMaji. Jina hilo nani angelipeleka Urusi?

Hata hivyo tuna neno letu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya yetu ya Kilimanjaro ikawa miongoni mwa sita zilizotakiwa kufuta ujinga ifikapo mwisho wa 1971. Mama zetu wakitua mzigo wa majani ya ng'ombe, wanakaa kuandika a, e, i. Na wakati huo huo gazeti linalotetea wakulima lina jina la Kiswahili, makala zake kubwa za Kiingereza!

Tulipolisema hili kikundini, mzee mmoja akajibu: "Lingeandikwa Kiswahili lisingemaliza hata huo mwaka."

Mama mmoja akamkatalia: "Hapana, baba. Lingeshafika huku mgombani, nani angepita kulikusanya?"

Tulibishana mpaka giza likaingia. Jumamosi tunaendelea.