Voliumu Zilizofunzwa Kutambua Herufi

Tarihi nitakayoisimulia leo, ijapokuwa ilitendeka mbali na hapa Gatumba, baina ya mto Rusizi na ufuko wa Tanganyika, ilitendeka kwa kifaa ambacho kila mmoja wenu amepata kukishika, nacho ni kile kitufe cha redio kizungushwacho ili sauti ipande au ishuke, ambacho mafundi wetu hukiita voliumu.

Ndani ya voliumu mna utepe wa kaboni uliokunjwa kama upinde, na juu yake hutambaa ulimi mdogo wa chuma. Ulimi ukienda mbali, umeme hulazimika kupita katika kaboni nyingi, na ukinzani ukazidi. Ukirudi karibu, ukinzani hupungua. Mwaka 1827 mwanachuoni wa Kijerumani, Georg Ohm, alibainisha kwamba mkondo wa umeme hulingana na volteji iliyogawanywa kwa ukinzani, na mwaka 1845 Gustav Kirchhoff akaongeza kwamba nyaya zikutanapo mahali pamoja, mikondo yake hujumlika. Basi mwenye kuitafakari kauli ya hawa wawili ataona kwamba voliumu moja ni chombo cha kuzidisha (kwani kugawanya kwa ukinzani ni sawa na kuzidisha kwa kinyume chake), na fundo la nyaya ni chombo cha kujumlisha, wala hapana karani wala kitabu cha hesabu kinachohitajiwa, kwa kuwa umeme wenyewe hutoa jawabu papo hapo upitapo.

Kuzidisha na kujumlisha ndiyo kazi kubwa ya ule mtandao ambao wataalamu waliuwaza kwa kuuangalia ubongo wa mwanadamu. Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts, huko Marekani, waliandika namna seli za neva ziwezavyo kuelezwa kwa hisabu: kila seli hupokea ishara kutoka kwa nyingine, na jumla ikifika kiasi maalumu, nayo hutoa ishara yake. Waliokuja baada yao waliipa kila ishara uzito wake, na kujifunza kukawa ni kuubadili uzito huo. Mwaka 1951 kijana Marvin Minsky, pamoja na Dean Edmonds, waliunda mashine ya seli 40 kwa valvu, mota na klachi, ambamo kila fundisho lilisogeza voliumu kidogo.

Lakini aliyeipa fikira hiyo umbo la kuonekana na watu ni Frank Rosenblatt, mtaalamu wa elimu ya nafsi katika maabara ya Cornell mjini Buffalo, ambaye mashine yake, Mark I Perceptron, ilionyeshwa hadharani mwezi Juni 1960. Mbele yake palikuwa na macho ya umeme 400, yamepangwa 20 kwa 20. Nyuma ya macho hayo zilitoka nyaya zilizounganishwa bila utaratibu maalumu hadi kwenye seli 512. Na kutoka hapo ishara zilipitia safu za voliumu, kila moja na mota yake. Mtu alipoiwekea herufi mbele ya macho, na mashine ikakosea kuitambua, mota zilinguruma na kuzizungusha voliumu kiasi kidogo kuelekea jawabu la haki; ilipopata sawa, zilitulia. Wala ndani ya mashine hiyo hapakuwa na mahali palipoandikwa sura ya herufi yoyote. Maarifa yake yote yalikuwa ni jinsi zile voliumu zilivyosimama.

Wakati huohuo, katika chuo kikuu cha Stanford, Bernard Widrow na mwanafunzi wake Ted Hoff waliunda chombo kidogo chenye swichi 16 na vitufe vilivyozungushwa kwa mkono, kisha wakachoka na mkono na mota pia, wakatafuta ukinzani ujibadilishao wenyewe. Jawabu walilipata katika risasi ya penseli. Waliitia katika maji yenye salfeti ya shaba na tindikali, wakapitisha mkondo hafifu, na shaba ikaganda juu ya risasi; kadiri shaba ilivyozidi, ndivyo ukinzani ulivyoshuka, kutoka omu 100 hadi omu 1 kwa muda wa sekunde 10 hivi, na mkondo ulipogeuzwa, shaba iliondoka na ukinzani ukapanda tena. Mkondo ulipokatwa, shaba ilibaki palepale. Na kwa sababu hiyo kifaa kilikumbuka kilichofundishwa. Walikiita memista.

Kila fundi redio wa Gatumba anaijua aibu ya voliumu: ikiingia vumbi hukwaruza, na mbili zilizotoka kiwanda kimoja hazilingani barabara. Aibu hiyo ndiyo iliyozielemea mashine hizi, kwani hesabu yake ilikuwa ya kukisia, ilhali kompyuta za tarakimu, zinazojua sifuri na moja tu, zilikuwa zikishuka bei na kuzidi uhakika mwaka hata mwaka. Mwaka 1969 Minsky, yule yule wa mashine ya 1951, alitoa pamoja na Seymour Papert kitabu kilichothibitisha kwamba mtandao wa tabaka moja hauwezi mambo fulani, hata mengine yaliyo mepesi kwa mtoto, na hamu ya watu ikapoa.

Ajabu ya tarihi hii imekusanyika katika mwaka 1971. Katika mwaka huo Rosenblatt alifariki kwa ajali ya mashua, siku aliyotimiza umri wa miaka 43. Katika mwaka huo pia Ted Hoff, aliyekuwa amehamia kampuni ya Intel, alikuwa miongoni mwa waliotoa 4004, kichipu cha tarakimu kilichofungua njia ya kompyuta tulizo nazo leo. Na katika mwaka huohuo Leon Chua wa Berkeley alitoa hoja ya kihisabu kwamba yapasa kiwepo kifaa ambacho ukinzani wake unategemea umeme uliokwisha kupita ndani yake, akakiita memrista.

Ilipita miaka 37 kabla ya maabara ya HP, chini ya Stanley Williams, kutangaza mwaka 2008 kwamba imekipata katika utando mwembamba wa oksidi ya titani. Mwaka 2015 watafiti wa Santa Barbara walipanga memrista 12 kwa 12 mahali nyaya zinapokingamana, wakazifunza kutambua herufi tatu zilizochorwa kwa vidoa tisa tu. Kilichowarudisha watu kwenye njia hii ni gharama ya umeme: kompyuta ya tarakimu huweka kumbukumbu mahali pamoja na kufanya hesabu mahali pengine, na kuhamisha namba baina ya mahali hapa na pale hula nguvu nyingi, ilhali katika voliumu ya Rosenblatt kumbukumbu na hesabu vilikaa nyumba moja.

Hapa ndipo habari inapofika kwetu. Miongoni mwa vitu vilivyofaa kuliko titani ni oksidi ya tantali, ambayo Panasonic ya Japani iliitumia katika kumbukumbu ya vichipu ilivyoanza kuviuza mwaka 2013; na tantali hutoka katika koltani, jiwe linalochimbwa Rubaya katika Masisi, Kabarore huko Kayanza, na katika ile Gatumba nyingine iliyoko Rwanda, ambayo msikilizaji asiichanganye na hii yetu. Jiwe huondoka likiwa ndani ya magunia, nasi hujua bei ya kilo yake kuliko kazi yake.

Lakini elimu ya kazi hiyo haina haja ya kungojea viwanda. Mwalimu wa sekondari mwenye betri moja, voliumu mbili za redio mbovu na mita ya fundi, aziunganishe voliumu hizo zote mbili kwenye ncha moja ya betri, kisha nyaya zao zikutane kwenye mita, na mita irudi kwenye ncha ya pili ya betri. Wanafunzi watasoma wenyewe mkondo wa kila moja ikiunganishwa peke yake, kisha jumla yake, na watakuwa wamefanya kwa mikono yao hesabu ile ile iliyofanywa Buffalo mwaka 1960.